Kuandika vichekesho vya televisheni ukiwa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaandika vichekesho vya televisheni na makao yangu ni Mombasa. Jumamosi alasiri vijana hukusanyika barazani petu, Mji wa Kale, tukasomeana skripti hadi adhana ya magharibi. Maswali mengi hapa yametoka kwenye baraza hilo. Mengine nimeulizwa kwa simu na watu wa Likoni, Mishomoroni na Mtwapa. Pale ninapoona watu wanapotea nimejibu kwa kirefu. Pale pasipo na mengi nimepita.

Mwandishi anafanya nini, ilhali anayechekesha ni mwigizaji?

Kabla mwigizaji hajafungua kinywa, kuna mtu aliyekwisha kuamua nani anaingia, anataka nini, nani amemzibia njia, na neno gani litoke mwisho. Wakenya wa rika langu wanamkumbuka marehemu Benson Wanjau kwa jina la Mzee Ojwang, na wadogo zetu wanamkumbuka marehemu Charles Bukeko kwa jina la Papa Shirandula. Darasa la wageni katika Mind Your Language ya Uingereza tulilitazama hadi tukalikariri. Muulize mtu yeyote Mwembe Tayari ni nani aliyeliandika, hatakwambia. Aliitwa Vince Powell. Mimi sioni ubaya wa hilo. Siku utakapopanda matatu ya Kisauni ukasikia abiria wawili wakitaniana kwa maneno uliyoyaandika usiku wa manane mezani kwako, hutatamani kitu kingine.

Kazi yenyewe huanza na hadithi. Siku za mwanzo hakuna anayetafuta kichekesho; tunatafuta tu nani anafanya nini na kwa nini. Halafu unaandika muhtasari, onyesho baada ya onyesho. Halafu rasimu ya kwanza, maoni ya mtayarishaji, rasimu ya pili, maoni ya kituo, rasimu ya tatu. Waigizaji wanapoketi kuisoma kwa sauti, mwandishi anakaa na kalamu. Sentensi ambayo mwigizaji ameikwaa mara mbili huandikwa upya, hata kama karatasini ilipendeza.

Je, lazima niwe mcheshi?

Hapana. Lazima uwe msikivu. Baadhi ya waandishi hodari ninaowajua ni watu wa kunyamaza pembeni ya karamu, wakirudi nyumbani wanakumbuka shangazi alisema nini, kwa mpangilio gani wa maneno, na nani aliacha kutafuna alipoyasikia.

Nitajuaje kwamba wazo langu litabeba msimu mzima?

Tafuta mtu anayetaka kitu kwa moyo wote, na sababu ya kutokipata leo wala kesho. Kipindi cha Papa Shirandula kilianza Citizen TV mwaka 2007 kikaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mzizi wake unaelezeka kwa pumzi moja: bawabu anayewaficha watu wa nyumbani kazi anayoifanya. Hapo kila mgeni kutoka kijijini ni hatari. Kila mwenzake wa kazini ni hatari. Ukimfikishia mlangoni mke wake na chakula cha mchana, kipindi kimekwisha kujiandika nusu.

Wengi huniletea vituko vya mtaa: jirani huyu kafanya hili, yule kafanya lile. Vituko vitano vinaisha Ijumaa. Kinachorudi kila wiki ni tabia ya mtu iliyogongana na haja yake.

Nitatoa mfano tulioufanyia kazi barazani kwa miezi. Mwenye nyumba wa Mji wa Kale, mzee wa heshima zake, anaona haya kudai kodi. Mpangaji wake, kijana aliyelelewa vyema, anaona haya kusema kwamba paa linavuja. Wote wawili wana shida, wote wana haki, na adabu waliyofundishwa imewafunga midomo. Nampenda sana mzee huyu. Ni babu wa nusu ya watu ninaowajua.

Naandika mazungumzo lakini hayachekeshi. Tatizo nini?

Mara nyingi tatizo ni kwamba watu wako wanasema wanachotaka. Kijana aliyeleta wazo la mwenye nyumba aliandika hivi mara ya kwanza:

MWENYE NYUMBA: Wewe! Kodi yangu iko wapi?
MPANGAJI: Mzee, hali ngumu!
MWENYE NYUMBA: Hali ngumu na jana ulipika pilau?

Watu walitabasamu kwa kumstahi. Nikamuuliza kama babu yake angemwambia mpangaji maneno hayo. Akasema, "Hata kidogo. Angekuja kumsalimia tu, kila siku, mpaka mtu mwenyewe aone haya." Nikamwambia aandike hayo aliyoyasema. Rasimu ya nne ilikuja hivi:

MWENYE NYUMBA: Hodi. Masalkheri.
MPANGAJI: Akheri, mzee wangu. Karibu.
MWENYE NYUMBA: Sikai, nimepita tu kukujulia hali. (Anakaa.) Leo tarehe ngapi, mwanangu?
MPANGAJI: Tarehe tano.
MWENYE NYUMBA: Mashaallah. Siku zaenda.
MPANGAJI: Zaenda, mzee. (Anatazama dari.) Na mvua yaja.

Baraza lote liliangua kicheko, hata muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake alisimama. Hakuna aliyetaja kodi wala paa, na kila mtu alisikia vyote viwili. Itazame ilivyojengwa. "Tarehe tano" inatega. "Siku zaenda" inaukaza mtego. "Mvua yaja" inaufyatua. Na ujue kwamba kwanza kijana alikuwa ameandika "Na mvua yaja, mzee wangu." Tulikata "mzee wangu" peke yake, basi. Neno linalochekesha likifuatwa na jingine, watu hawana nafasi ya kucheka. Wanalingoja hilo la pili, na la pili halina kitu.

Niandike Kiswahili gani?

Swali hili ndilo ninaloliona la maana kuliko yote. "Siku zaenda" ikigeuzwa "siku zinaenda", kila mtu ataelewa, lakini mzee atakuwa ametoka Mji wa Kale akaenda asikojulikana. Watayarishaji huogopa kwamba mtazamaji wa bara atapotea. Jibu langu kwao ni kwamba hatapotea iwapo tendo liko wazi. Mama akichungulia dirishani akasema "Mwanangu yuwaja", hakuna Mkenya atakayehitaji tafsiri. Ninachofanya ni kulinda sarufi na mwendo wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kisha kupunguza nomino ngumu. "Mato" badala ya "macho" naiweka pale tu ambapo mwigizaji ataelekeza kidole.

Halafu mpe kila mtu Kiswahili chake. Mombasa hakizungumzwi kimoja. Bibi wa Kibokoni hasemi kama kijana wa Majengo, kijana wa Majengo hasemi kama mama Mgiriama anayeuza pombe ya mnazi, na mfanyabiashara wa Biashara Street mwenye asili ya Kihindi ana chake, kitamu, chenye kasi. Ukiyafunika majina kwenye skripti yako nisiweze kujua nani anazungumza, rudi ukasikilize tena.

Lakini usiishie kwenye lafudhi. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo, hakuwa Mjaluo, na bado mzee huyo alipendwa nchi nzima, kwa sababu chini ya ile lafudhi kulikuwa na mzee mwenye tamaa zake, hofu zake na mke asiyedanganyika.

Kwa nini barazani kwenu mnakataa mhusika wa Pwani anayelala chini ya mnazi?

Kwa sababu si kweli, na kwa sababu tumechoshwa naye. Kwa miaka mingi Mpwani akitokea kwenye vichekesho vya televisheni ama ni mvivu, ama ana majini, ama ana maneno matamu ya kumtapeli mgeni. Aliyemwandika mara nyingi alikuja likizo siku tatu akalala hoteli ya ufuoni. Nenda Kongowea saa kumi alfajiri uwaone wachukuzi wakishusha magunia ya viazi. Nenda kivukoni Likoni uone mama aliyekwisha kukanda, kukata na kukaanga mahamri kabla jua halijatoka, na sasa amebeba beseni kichwani ndani ya umati ule, shingo imenyooka, hakuna hata moja linaloanguka. Huyo ana ucheshi mwingi mno: ana wateja wa mkopo, ana mshindani upande wa pili wa maji, ana binti anayetaka kuzibadilisha mbaazi ziwe chakula cha kisasa. Kumlaza chini ya mnazi ni kuitupa mali yote hiyo.

Sisemi tusicheke. Tuna wakopaji, wambeya, watu wa kuahidi "inshallah kesho" wakijua kesho hawapo. Waandike. Waandike kama mtu anayewajua majina na anayeomboleza nao msibani.

Nisome nini? Nijifunzie wapi?

Anza na leso, yaani kanga. Nasema kwa dhati. Nenda Biashara Street kwenye duka la Mali ya Abdulla, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1887, usimame usome majina ya leso zilizotundikwa, yaani misemo iliyochapishwa juu yake. Ni maneno manne, matano, sita. Mwanamke anayafunga kiunoni, anapita mbele ya nyumba ya hasimu wake, hasemi kitu, na ujumbe umefika. Ukiweza kuandika mstari mmoja wenye nguvu ya jina la leso, sehemu ngumu kabisa ya kazi hii umeiweza.

Kisha msome Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata 1840. Zama za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, alikuwa akiwasema wakubwa, mahasimu na hata marafiki kwa mafumbo, na beti zake zinafundisha namna ya kumchoma mtu kwa tabasamu. Taarabu nayo ina vijembe vya kutosha.

Ufundi wa televisheni wenyewe utaupata kwa kutazama na daftari mkononi. Chukua kipindi kimoja unachokipenda, uandike kila dakika kumetokea nini. Utaona hadithi kubwa moja, hadithi ndogo pembeni, na mahali zinapogongana karibu na mwisho. Fanya hivyo kwa vipindi kumi. Wale waliopitia tamasha la maigizo la shule na vyuo wana mwanzo mzuri, maana wamekwisha kuhisi ukumbi ukicheka na ukinyamaza. Swahilipot, karibu na Fort Jesus, huwakutanisha vijana wa sanaa na teknolojia, na ndipo wengi hapa mjini wamepata wenzao wa kufanya nao kazi. Nairobi nako MultiChoice, kampuni ya DStv, ilifungua chuo chake cha vipaji vya filamu na televisheni mwaka 2018, na uandishi ulikuwa sehemu ya mafunzo.

Skripti moja ina kurasa ngapi?

Nafasi ya nusu saa, ukiondoa matangazo, hubaki na dakika 22 hadi 24. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja. Hesabu mwenyewe.

Lazima nihamie Nairobi?

Vituo vikubwa viko huko na mikutano mingi hufanyika huko, hilo halifichiki. Ila mambo yamebadilika. Tangu kuhama kwa televisheni kwenda mfumo wa dijitali mwaka 2015 nafasi za vipindi zimeongezeka, na tamthilia zenye sauti ya Pwani zimekuwa zikitazamwa nchi nzima. Kazi za watayarishaji Lulu Hassan na Rashid Abdalla zimewafanya wenye vituo wasiogope tena Kiswahili cha huku. Mimi huandika Mombasa na kupanda treni Miritini waigizaji wanapokaa mezani kusoma. Siku hiyo lazima uwepo. Mengine yote hufanyika kwa simu na barua pepe.

Kinachoniuma ni kuona kijana mwenye sikio zuri anahama, na baada ya miaka miwili anaandika kama kila mtu. Ukihama, rudi mara kwa mara ukakae barazani.

Malipo yakoje?

Hulipwa kwa kipindi, si kwa mwezi, na viwango vinatofautiana mno kati ya kampuni na kampuni. Kabla hujakubali, uliza mambo matatu: nalipwa nikikabidhi rasimu au kikirushwa? Rasimu ngapi zimo ndani ya bei hiyo? Kikirudiwa au kikiuzwa kwingine, napata nini? Hilo la kwanza ndilo linalowaumiza watu, maana kipindi kinaweza kukaa kabatini mwaka mzima.

Hakikisha una PIN, namba ya mlipakodi, ya KRA, Mamlaka ya Mapato. Mkazi wa Kenya anayelipwa ada ya utaalamu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mkikubaliana Sh30,000, kampuni itakata Sh1,500 na wewe utapokea Sh28,500. Dai cheti cha makato hayo. Utakihitaji unapowasilisha marejesho ya mwaka. Miezi mingine haina kazi, kwa hiyo wengi wetu huandika pia matangazo ya redio, mafunzo ya afya, na michezo mifupi ya mashirika. Hakuna aibu hapo, na matangazo ya sekunde 30 yamenifundisha kukata maneno kuliko darasa lolote.

Nikiibiwa wazo?

Wazo tupu halina mwenyewe kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa. "Mwenye nyumba anayeona haya kudai kodi" si mali ya mtu. Kurasa 24 za mazungumzo yake ni mali ya aliyeziandika, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hakukupi haki usiyokuwa nayo, lakini kunakupa ushahidi wa tarehe.

Wengi hawajui jambo la pili, na ni zito zaidi: kazi uliyoagizwa kuandika, au uliyoiandika ukiwa umeajiriwa, huhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza au mwajiri wako, isipokuwa mkataba useme vingine. Yaani usipoandikiana, umeuza.

Yalinifika mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilimpa mtayarishaji mmoja vipindi sita kwa neno la mdomo. Vilirushwa. Jina langu halikutokea mwishoni, na malipo ya vipindi vinne sikuyapata. Mama yangu alikuwa amewaita majirani waje kutazama, wakangoja majina yapite hadi tangazo la sabuni likaingia. Tangu usiku ule siandiki ukurasa bila karatasi iliyotiwa saini, yenye kifungu kinachosema jina langu litaonyeshwa. Wasiotaka kusaini nawaaga kwa heshima.

Kuna mambo yasiyoruhusiwa?

Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae kutazamwa na familia. Vichekesho vingi hurushwa saa moja au mbili usiku, kwa hiyo matusi na mambo ya chumbani yaweke kando. Mwandishi wa Pwani hapungukiwi na kitu hapo. Fumbo limekuwa chombo chetu tangu hapo.

Wazazi wanasema hii si kazi.

Waketishe wakutazame ukiifanya. Baba wa mmoja wa vijana wetu, mstaafu wa bandari, alikuja barazani kumchukua mwanawe kwa hasira. Akasikiliza onyesho kuhusu kuli na karani wake, akasema, "Hapana, karani hawezi kusema hivyo, kuna karatasi kwanza." Akaeleza karatasi hiyo, na kuchelewa kwake, na nani hupewa nini. Sasa ndiye tunayemuuliza kila kitu cha bandarini.

Akili unde haitatuondoa?

Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, na suala hili lilikuwa miongoni mwa madai yao. Makubaliano yalisema maandishi ya mashine hayawezi kutumiwa kumpunguzia mwandishi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Kwetu hakuna chama chenye nguvu hiyo, ndiyo maana nasisitiza mkataba. Kuhusu ufundi, nimejaribu kuiomba mashine mazungumzo ya mwenye nyumba na mpangaji. Ilidai kodi mstari wa kwanza.

Nije na nini Jumamosi?

Onyesho moja, kurasa zisizozidi tano, nakala za wasomaji wawili watatu. Usilisome mwenyewe, wape wengine. Kaa pale unapowaona wanaosikiliza, na penseli mkononi, utie alama wanapocheka, na alama nyingine pale mtu wa kwanza anapotazama simu.